Nilivyoachwa kwa Maspika ya Pak Jumari

Sisi watu wa Java tukiachwa, huwa tunaachwa mahali pa maana. Sikiliza nyimbo zetu. Mmoja kaachwa kituo cha treni, mwingine stendi ya basi, mwingine ufukweni miguu ikiwa majini. Baadaye watu wanakwenda kupiga picha hapo hapo, wameegemea nguzo, wamevaa sura ya msiba.

Mimi niliachwa kwenye kibanda cha kuziba pancha cha Lik Kasdi, mjomba wa kijiji kizima. Tairi la nyuma la pikipiki yangu lilikuwa limevuliwa, na mimi nimechuchumaa kando ya beseni la maji meusi nikimshikia mpira. Simu ikalia. Ujumbe wa sauti kutoka kwa mchumba wangu, Ningrum, aliyekuwa Hong Kong akifanya kazi za ndani. Mikono yangu ilikuwa na grisi, kwa hiyo nikaubonyeza kwa kiwiko, na kiwiko kikaongeza pia sauti mpaka mwisho.

"Basi yatosha, Mas," alisema Ningrum, na barabara nzima ikasikia. "Usiningoje. Hata nikirudi, sirudi kwa ajili yako."

Mas maana yake kaka. Ndivyo msichana wa kwetu anavyomwita mchumba wake, na ndivyo anavyomwita pia muuza supu ya mipira ya nyama. Tofauti iko kwenye sauti. Siku ile nilikuwa muuza supu.

Lik Kasdi hakuinua kichwa. Aliendelea kuuzungusha mpira majini mpaka mapovu yakatoka.

"Imepatikana," akasema.

Sasa kazi yangu. Mimi ni Danar, nimesoma nusu ya stashahada ya elektroniki kule Malang, nusu ya kwanza, ile isiyo na faida. Nilirudi kijijini kwetu Sumberpucang, nje kidogo ya Blitar, nikaanza kutengeneza rimiksi. Nachukua wimbo wa Kijava wa mtu anayelia, naongeza ngoma inayokwenda mbio, naongeza besi ya kutikisa vigae vya paa, na mtu aliyekuja kulia anajikuta anachezesha mabega. Wateja wangu ni wenye maspika, hasa Pak Jumari, ambaye ana lori dogo lililobeba minara ya spika mirefu kuliko msikiti wetu. Kwa ufupi, kazi yangu ni kuwapa walioachwa kitu cha kufanya na viuno vyao. Changu mwenyewe ndicho sikujua nikiweke wapi.

Tatizo halikuwa kuachwa tu. Tatizo lilikuwa wajik. Kabla Ningrum hajapanda ndege, mama yangu na shangazi zangu walikuwa wamepeleka kwao sinia la posa: wali wa kunata uliopikwa na sukari ya mnazi, unaopelekwa makusudi ili ahadi nayo inate. Kwa Ningrum haikunata. Kwa mama yake, Bu Lastri, ilinata kama gundi ya viatu. Na Ningrum hakumwambia mama yake kwamba ameniacha. Nikangoja amwambie. Hakumwambia. Mimi nami nikanyamaza, kwa hesabu yangu ya ajabu kwamba kama hakuna anayejua nimeachwa, basi bado sijaachwa sawasawa. Lik Kasdi alijua, lakini Lik Kasdi huongea na matairi tu.

Kwa hiyo nikaendelea na ukwe. Pampu ya maji ya Bu Lastri ikigoma, ananiita. Kigae kikivuja, napanda. Siku ya Idi nikaenda nimevaa batiki mpya, nikambusu mkono, nikala kuku wa nazi.

"Le," aliniambia siku hiyo, kama mama anavyomwita mwanawe wa kiume, "ongeza. Ningrum akirudi akukute na nyama kidogo."

Nikaongeza.

Lakini nilikuwa na mpango. Nilitunga wimbo. Wa taratibu, gitaa na mimi tu, kwa Kijava cha heshima kabisa, cha kumwombolezea mfalme. Nilijiimba nimeachwa kituo cha treni cha Blitar, maana "kuziba pancha" haikukubali kuimbika. Nimesimama kituoni, treni imeondoka nawe, machozi yangu hayana pa kwenda. Ningrum angeusikia, angelia, angerudi, na hakuna mtu ambaye angejua chochote. Nikauweka mtandaoni. Waliousikiliza walikuwa mama yangu, Pak Jumari kwa bahati mbaya, na mtu mmoja aliyeacha maoni ya kutangaza dawa ya kuotesha nywele. Nilimtumia Ningrum pia. Hakuufungua.

Hapo ndipo anapoingia Bulik Katemi, mdogo wake mama yangu.

Bulik anauza pecel asubuhi kwenye kona ya msikiti: mboga za kuchemsha, mchuzi wa karanga wenye pilipili, tempe ya maharage ya soya ya kukaanga, na maneno. Mumewe alikwenda Kalimantan kwenye mashamba ya michikichi nikiwa shule ya msingi, na mpaka leo hajamaliza kazi aliyoiendea. Ukimuuliza Bulik, atakwambia, "Anatafuta kandambili zake, akizipata anakuja." Jumapili anavaa raba, anatundika filimbi shingoni, na anageuka kamanda wa mazoezi ya akina mama wa kijiji, kwenye uwanja wa mpira wa wavu nyuma ya ofisi ya kijiji. Alianza kwa sababu nesi wa zahanati alimwambia presha yake inapanda. Akaona ni afadhali iwapande na wengine.

Mwezi wa Agosti, mwezi wa uhuru, kila kijiji kinashindana na kingine kwa kila kitu: kuvuta kamba, kupanda mlingoti uliopakwa grisi, kula makaukau ya muhogo yaliyoning'inizwa kwa uzi. Akina mama wanashindana kwa mazoezi ya viungo. Na mpinzani mkubwa wa Bulik alikuwa kundi la kijiji cha Kalianyar, linaloongozwa na nani? Na Bu Lastri. Wakwe watarajiwa, wote wawili wana filimbi.

"Ule wimbo wako wa kituo cha treni," Bulik aliniambia asubuhi moja huku akinimwagia mchuzi kwenye mboga, "niupe."

"Wa nini, Bulik?"

"Wa mashindano."

"Ule ni wimbo wa huzuni."

"Nimeusikia kwa mama yako. Nilidhani redio inaishiwa betri. Uwekee mdundo."

"Bulik, ule ni moyo wangu."

"Na mimi nina akina mama ishirini, mioyo yao ina presha. Weka mdundo." Akanitazama. "Halafu unatunga kuachwa na hujaachwa. Mwenzio akikusikia huko Hong Kong atasema unamwombea nini?"

Nikatafuna tempe. Nilikuwa tayari kukataa, kwa ajili ya heshima ya sanaa, kitu nilichokisikia chuoni katika ile nusu niliyosoma. Ndipo nikakumbuka jambo moja. Bu Lastri hurekodi kila kitu kwa simu, na kila anachorekodi humtumia mwanawe. Kuku kataga, anatuma. Bomba limepasuka, anatuma. Msichana anaweza kukataa kuufungua wimbo wa mtu aliyemwacha, lakini hawezi kukataa kufungua video ya mama yake.

"Sawa, Bulik," nikasema. "Unataka mwendo gani?"

"Wa kumtoa mtu jasho kabla ya ubeti wa pili."

Nikautengeneza. Sitajisifu, ila ulitoka vizuri kiasi cha kunitia aibu. Niliyoyatunga nikiwa nimejifunika shuka kichwani, akina mama waliyapokea kwa magoti. Bulik alikuwa amekwisha kuyapangia mitindo. Nimesimama kituoni: goti juu, goti chini. Treni imeondoka nawe: mikono kifuani, izungushe kama magurudumu. Machozi yangu hayana pa kwenda: chuchumaa, futa jicho la kulia, inuka, chuchumaa, futa la kushoto.

"Machozi kulia," Bulik akapiga filimbi. "Machozi kushoto. Bu Yatini, chuchumaa, mama, kaachwa huyo. Mtu aliyeachwa hasimami wima namna hiyo."

"Magoti yangu, Bu Temi."

"Magoti yako hayajaachwa bado. Kulia."

Mimi nimekaa pembeni na laptopu, natazama mama yangu mzazi akijifuta machozi yangu ya kushoto, ananipungia mkono.

Kulikuwa na kasoro moja. Katika rimiksi zetu, kabla besi haijaanguka kwa kishindo, muziki wote hunyamaza na mtu husema neno fupi. Hapo ndipo maspika yanapopimwa, na hapo ndipo watu wanapoamua kama wewe ni fundi au ni mtu mwenye laptopu. Nilijaribu sauti yangu, nikasikika kama karani anayeita foleni. Nilijaribu sauti ya Bulik, kila mtu akadhani amefanya kosa akasimama. Nilijaribu jogoo. Mwishowe nikaufungua ule ujumbe.

Basi yatosha, Mas. Urefu wenyewe hasa. Mtu alikuwa ameniacha kwa kipimo cha muziki.

Niliikata ikawa ba-ba-ba-basi yatosha. Halafu, ili asitambulike, nikaiharakisha mpaka sauti ikapanda juu, ikawa ya panya aliyemeza filimbi. Kwenye kiitikio cha mwisho niliuweka ujumbe wote mzima, maana kwa sauti ile ya panya ulisikika kama ala tu ya muziki. Nilimchezea mama yangu, ambaye amemjua Ningrum tangu akiwa na kamasi, akaniuliza ni katuni gani. Nikatulia. Hakuna ambaye angemtambua. Ila Ningrum mwenyewe angejitambua. Angejua kwamba bado nimeitunza sauti yake. Nilipanga hilo lote, na bado hakuna mtu aliyenizuia.

Asubuhi ya mashindano nilikuwa kibandani kwa Bulik, tempe mdomoni, alipokuja amevaa tayari, kundi lote nyuma yake limevaa kijani kama shamba la mpunga.

"Danar. Majaji wanataka sehemu ya kupoa mwishoni. Polepole, tupumue."

"Sasa hivi, Bulik?"

"Unataka tupumue kesho?"

Nikafungua laptopu juu ya bakuli la karanga. Nikakichukua kile kiitikio cha mwisho, nikakivuta chote kwa pamoja, kikaenda polepole, ngoma zikageuka moyo wa mtu aliyelala. Sikukisikiliza. Kulikuwa na tempe nyingine inapoa.

Sauti ukiiharakisha inapanda. Ukiipunguza kasi inarudi ilikotoka. Hili mtoto aliyewahi kuchezea redio ya kaseti analijua. Chuoni kwetu lilikuwa somo la muhula wa nne. Mimi niliondoka muhula wa tatu.

Uwanja ulikuwa umejaa. Vumbi la kiangazi, tiara zinazovuma angani, viongozi wamekaa kwenye hema lenye vitambaa vyekundu na vyeupe. Pak Jumari alikuwa amepanga minara yake minne, na alipojaribu besi mara ya kwanza, kigae kilianguka kutoka kwenye paa la choo cha shule. Alifurahi sana. Kalianyar, waliovaa rangi ya chungwa, walikuwa wamekwisha kufanya zamu yao wakashangiliwa, na Bu Lastri alikuwa amesimama mstari wa mbele, simu juu, anawarekodi maadui zake.

Bulik akapiga filimbi. Nikabonyeza.

Magoti yalipanda. Magurudumu yakazunguka. Machozi kulia, machozi kushoto, vumbi likapanda mpaka magotini. Muziki ukanyamaza, panya akasema ba-ba-ba-basi yatosha, besi ikaanguka, na kwenye hema niliona kiongozi mmoja mwenye masharubu akichezesha bega moja, kisha la pili, kisha akakumbuka cheo chake. Nikamtafuta Bu Lastri. Anarekodi. Midomo yake inaimba. Moyoni nikasema, imekwisha, Ningrum, uje tu.

Ikafika sehemu ya kupoa.

Ngoma zilitulia. Akina mama ishirini wakainua mikono juu, wamefumba macho. Na kutoka kwenye minara minne ya Pak Jumari, kwa sauti yake mwenyewe, ya taratibu, safi, kubwa kuliko ya muadhini, Ningrum akawaambia watu wa vijiji vyote:

"Basi yatosha, Mas. Usiningoje. Hata nikirudi, sirudi kwa ajili yako."

Tiara tu ndizo zilizoendelea kuvuma.

"Huyo Ningrum," alisema Bu Lastri. Hakupaza sauti, lakini hapakuwa na muziki wa kumfunika. Simu yake ilikuwa bado juu, bado inarekodi, na ilianza kugeuka polepole kunitafuta mimi.

Bulik hakushusha mikono. Yule mama anaweza kuongoza mazoezi nyumba inaungua. "Vuta pumzi," akasema, macho yake yakiwa kwangu. "Izuie. Izuie hapo hapo. Toa." Na akina mama ishirini wakatoa pumzi kwa pamoja, wote wamenielekea. Mama yangu alikuwa amesahau kuvuta.

Tulipata nafasi ya pili. Jaji mkuu alisema kwamba sehemu yetu ya kupoa ilikuwa na hisia ambazo hajawahi kuziona kwenye mazoezi ya viungo.

Bu Lastri alinikuta nyuma ya lori la Pak Jumari, ambako nilikuwa nakunja nyaya zisizohitaji kukunjwa.

"Le," akasema. "Ile ni sauti ya mwanangu."

"Ndiyo, Bu."

"Ya lini?"

"Msimu wa matunda ya rambutan, Bu, kabla ya mfungo."

Akaihesabu miezi kwa vidole. "Pampu yangu ulikuja kuitengeneza mwezi wa mfungo."

"Ndiyo, Bu."

"Na siku ya Idi ulikuja ukala kuku wangu."

"Sahani mbili, Bu."

"Ulikuwa unakula kama nani?"

Lilikuwa swali la haki kabisa. Nikatafuta jibu kwenye nyaya. "Kama fundi, Bu."

"Fundi ningemlipa," akasema, akaondoka.

Kesho yake asubuhi, nilipokuwa nakula kibandani kwa Bulik nikiwa nimewapa mgongo wateja wote, Bu Lastri alifika na sinia lililofunikwa kwa jani la mgomba. Akaliweka mezani, kati ya tempe na makaukau ya uduvi.

"Mbakyu Katemi," alisema, kwa heshima ya kumwita dada mkubwa, ingawa siku za mashindano humwita yule wa kijani. "Mlichotuletea tulikula. Hiki nimekipika mwenyewe jana. Hatutaki deni la utamu wa watu."

Bulik akafunua. Wajik, mweusi kwa sukari ya mnazi, umekatwa vipande sawa. Akafunika tena.

"Dik Lastri, mdogo wangu, sisi hatukujua."

"Mimi ningejua, ningempandisha mtu wenu kwenye paa langu?"

"Hata mimi ningejua, ningempa mboga bure kila siku? Nilimwonea huruma yuko mbali na mwenzake." Wote wawili wakanigeukia. "Eti msanii," Bulik akasema. "Kumbe alikuwa anatoa taarifa."

"Mtoto wangu naye," alisema Bu Lastri, akajifuta jicho. Akavuta kiti akakaa. Bulik akamwekea sahani ya pecel bila kuulizwa, pilipili kidogo, kama anavyopenda. Mtu hawezi kulia na kutafuna makaukau kwa wakati mmoja, nadhani ndiyo maana Bulik aliyaongeza.

Mimi nikapewa kipande cha wajik. Sikujua kama ni adhabu au kifungua kinywa. Nikakiweka chote mdomoni, taya zikashikana, na hapo hapo simu yangu ikalia. Ningrum.

Tangu msimu wa rambutan hakuwahi kunipigia. Nikakimbilia nyuma ya kibanda. Nikachana nywele kwa vidole, nikafunga kifungo cha shati. Kwa simu isiyo na picha.

"Mas."

"Mm."

"Unalia?"

"Mm-mm. Wajik."

"Mama kanitumia video." Nyuma yake zilisikika sauti za wasichana wengi wakicheka. "Wote wameiona hapa. Wote wananiuliza, huyo si wewe?"

Nikameza kwa nguvu. "Ningrum, naitoa. Leo leo. Nitamwambia Pak Jumari aifute na kwake."

"Usiitoe. Tunaicheza."

"Mnaicheza."

"Hapa bustanini, leo Jumapili tuko mapumziko. Kundi letu linashindana na akina dada wa kutoka Ponorogo mwezi ujao. Yale machozi ya kuchuchumaa, Mas, mapaja yanawaka." Akapunguza sauti. "Ila siku ile nilikuwa na mafua. Nasikika nimezibwa pua. Halafu ukisikiliza vizuri kuna maji yanavutwa. Nilirekodi chooni, bosi alikuwa sebuleni."

Basi ndivyo ilivyokuwa. Yeye chooni, mimi kwenye pancha. Kituo cha treni hakikuhusika hata kidogo.

"Na ule wa kwanza?" nikamuuliza. "Ule wa taratibu niliokutumia. Uliusikiliza?"

"Niliogopa kuufungua. Nikaufungua jana."

"Na?"

"Huu wa mazoezi ni bora, Mas."

Nilitaka kumuuliza mengine. Nilikuwa nimeyaandaa tangu rambutan, kwa mpangilio mzuri. Lakini akasema, "Kwa Mama nimekosa. Ilikuwa kazi yangu kumwambia, si yako, wala si ya maspika. Nitampigia nikikata hapa." Kisha akasema, "Nirekodi tena nikutumie?"

Mtu mwenye akili angekataa. Mimi nikamwambia ashike simu mbali kidogo na mdomo.

Ya kwanza aliyotuma ilikuwa na kengele ya tramu. Nikamjibu: rudia, kuna kengele. Katika iliyofuata alicheka katikati, na wenzake nao wakacheka. Nikamjibu: watoe hao. Iliyofuata ilikuwa safi, lakini ilikuwa ya adabu mno, kama mhudumu wa benki anayekutangazia kwamba dirisha limefungwa. Nilikuwa nimekaa juu ya gunia la karanga nyuma ya kibanda cha mama yangu mdogo, masikio yangu yakiwa ya fundi kabisa, namwelekeza msichana jinsi ya kuniacha.

Nikamwandikia: jaribu kusema kama unamaanisha.

Ujumbe uliofuata ulichelewa. Ulipokuja haukuwa na kengele, wala watu, wala mafua.

"Nilikuwa namaanisha, Mas."

Nikausikiliza. Nikausikiliza tena, safari hii si kwa ajili ya kengele. Nikafungua kile kifungo cha shati. Halafu nikamwandikia: imepatikana.

Hiyo ndiyo niliyoitumia. Siku hizi, kabla besi haijaanguka, kila kitu kinanyamaza, na sauti ya Ningrum inasema nilikuwa namaanisha, Mas, taratibu, bila panya, na watu wanaruka. Bulik alipoisikia mara ya kwanza alisema hii inaingia vizuri zaidi, hata Bu Yatini anachuchumaa. Kule Hong Kong walishinda. Ningrum alinitumia video: yuko mstari wa pili, shati la njano, anafuta machozi yangu kulia na kushoto, anacheka mpaka anakosea mguu.

Bu Lastri amehamia kundi letu. Anasema ni kwa sababu uwanja wetu ni laini kwa magoti, na Kalianyar wamemnunia. Hukaa mstari wa nyuma, na sehemu ya kupoa ikifika na mwanawe akianza kusema yale ya zamani, yeye huinua mikono juu kabla ya wengine wote na kuishusha baada ya wote. Bulik, asiyemsamehe mtu kwa kukosa hesabu, humwacha.

Juzi pampu yake iligoma tena. Akaniita. Nikaenda, nikaifungua, nikasafisha, nikabadilisha mpira, maji yakatoka. Akaniletea chai na viazi vitamu vya kuchemsha, akauliza habari za mama. Nilipokuwa napanda pikipiki, akanifuata mpaka getini, akanitia noti mfukoni mwa shati na kuupapasa mfuko.

"Asante, fundi," akasema.